Mlingoti Haukuvunjika

Mwenzangu, mkonge uliosagwa unanuka kama choo, lakini mimi nikiunusa naona njaa. Juzi nilirudi Mnyuzi, kwenye kambi ya shamba la mkonge nilikozaliwa, na pua yangu iliitafuta harufu ile tangu tunavuka reli. Haikuipata.

Nilipakizana bodaboda na mjukuu wangu wa kike. Wiki hiyo vijana walimnyang'anya mkoba akitoka shule, hapa hapa Masuguru tunapokaa, wakamkwaruza na shingo. Alirudi nyumbani macho makavu. Akaniambia, "Bibi, nifundishe ile fimbo yako." Miaka yote nimejigamba na fimbo hiyo mpaka majirani wamechoka, na katika wanangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaka. Nikajua nafasi ni hii, nyingine siipati.

Mimi nilifundishwa na jirani yetu wa ukuta mmoja, mkata mkonge, manamba aliyeletwa kutoka mbali na kwao hakurudi tena. Jioni mashine za kiwandani zikizimwa, masikio yakaanza kusikia kuku, alitoka na kikombe chake cha chai ya rangi akatukusanya watoto wa kambi kwenye uwanja mwekundu kati ya nyumba. Mama ndiyo kwanza karudi kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, mikono imemchubuka, anasonga bada la muhogo, mlenda unatokota. Nausikia mwiko na siendi.

Fimbo zetu zilikuwa milingoti ya mkonge iliyokauka, ile inayochomoza katikati ya mmea unapozeeka. Mlingoti ni mwepesi kama bua. Ukiugonga kwa ufundi unalia ko, unabaki mzima. Ukipiga kwa hasira, unakatika. Na sheria ya mwalimu ilikuwa hiyo: aliyevunja ndiye aliyeshindwa, hata kama mwenzake yuko chini anagaragara, na ni yeye atakayekwenda kutafuta mwingine kwenye miiba. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuma watu. Nilivunja kila jioni. Nikirudi miguu inachuruzika damu, wenzangu wananipokea kwa vigelegele: "Mke wa mkonge huyooo! Mumeo hajambo?"

Tulijifunza kukanyaga tukiwa na kopo la maji kichwani. Wavulana waliloa kama vifaranga. Sisi tuliokulia chini ya ndoo tuliwacheka mpaka na ya kwetu yakamwagika. Mwalimu alikuwa hasemi sana, ila neno moja alilirudia: "Usimhurumie mwenzio. Ukimhurumia umeshamzika."

Hasira ilinitoka polepole, kama funza. Siku niliyomgusa bega mtoto wa nyapara, mbabe aliyetutesa wote, mlingoti wangu ukabaki mzima mkononi, mwalimu aliweka kikombe chini. Hakunisifu. Kuweka kikombe tu kulinitosha, nimekula sifa hiyo mpaka leo. Marehemu mume wangu aliniinulia mkono mara moja. Niliudaka hewani, nikamuuliza kama anataka chai. Alikunywa.

Sasa hiyo juzi. Uwanja umelimwa mahindi, tena yamekauka. Ukuta wetu umebaki kiunoni, mbuzi wamelala ndani. Mkonge uko kidogo kidogo, kama nywele za mgonjwa. Tulipata mlingoti mmoja mkavu, nikaukata vipande viwili, chake na changu. Nikamwambia asimame hivi, apige hapa, nitazuia.

Nikainua mkono. Bega likagoma. Nikausukuma kwa mkono wa pili, mlingoti ukatetemeka mbele ya uso wangu kama unyasi. Yule mtoto alikuwa amekwishainua wake juu, vizuri kabisa, miguu ameikanyaga kama aliyefunzwa. Nikamwona ananitazama. Akaushusha taratibu, akaugusisha kwenye wangu, ko, kidogo tu, kama mtu anayegonga mlango wenye mgonjwa.

"Piga!" nikamwambia.

"Nimepiga, bibi."

"Hujapiga. Piga!"

"Bibi, twende nyumbani. Jua kali."

Akanishika kiwiko kunivusha tuta. Tuta, mwenzangu! Mimi!

Ufundi ule haukuandikwa popote, ulikaa kwenye mabega, na mabega mengine yote ya uwanja ule yako udongoni. Langu ndilo lililobaki, nalo limekataa. Siku hizi mtoto anazungukia barabara kubwa kutoka shule, na kiza kikianza nakaa mlangoni namsubiri, kama bibi yeyote asiyejua kitu.

Ule mlingoti wake alikuja nao, anasema ni ukumbusho. Ameuegesha uani unashikilia kamba ya nguo. Hauna hata ufa. Kila asubuhi nikianua khanga zangu nauona, mzima, mzima kabisa, na namsikia mwalimu. Umeshamzika.