Mchanga Uliokataa Maji

Shamba la mama yangu lilitazamana na ziwa. Ukisimama mlangoni kwetu unaliona hadi upeo wa macho, lakini maji yake hayakutufaa kitu. Kutoka nyumbani hadi ufukweni ni mteremko mrefu wa mawe, na mashamba ya kule chini, yenye pampu, yalikuwa ya watu wengine. Sisi tulikaa juu, upande wa Magu, kwenye udongo ambao Wasukuma huuita luseni, mchanga mwepesi usiotunza chochote. Nilipokuwa mdogo udongo ule bado ulikuwa na nguvu ya kuotesha pamba na mihogo. Kisha miti ya mlimani ikaisha. Mingine ikawa mkaa, mingine ikaenda kukaushia samaki. Ng'ombe wakamaliza nyasi, na kila mvua iliyonyesha ikateremka na kipande cha shamba. Nilipoondoka kwenda Mwanza kujifunza kushona, mama alikuwa analima vumbi.

Kaka yangu ndiye aliyebaki naye. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, akawa anangoja ajira isiyokuja, huku akifundisha kemia kwa kujitolea kwenye sekondari ya kata. Mwaka ule mvua za vuli zilipokataa kabisa, alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuielewa. Alikuwa ameona video ya watu wa nchi za jangwa wakimwaga maji juu ya mchanga, na maji yanabiringika kama shanga bila kuzama.

"Mchanga ule haunywi maji," aliniambia. "Ukishamwagilia udongo, ukautandaza juu yake, jua halipati njia ya kuyanyonya maji yaliyo chini. Wao wanaupaka nta. Mimi nitaupaka plastiki."

"Plastiki utaitoa wapi?"

Alicheka. "Dada, toka nje utazame."

Na kweli, ilikuwa kila mahali: kwenye makorongo, kwenye miiba ya ua, na kule ufukweni ambako ziwa lilitapika chupa na madumu kila asubuhi.

Nilienda kuwasalimia Jumamosi moja. Niliposhuka kwenye pikipiki nilisikia harufu kali, kama ya waya unaoungua, hata kabla sijaiona nyumba. Niliwakuta uani, wamejifunga vitambaa puani. Juu ya mafiga kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa mchanga wa moto uliochekechwa, na kaka alikuwa anamwagia vipande vya beseni na vifuniko vya chupa alivyovikata kwa panga hadi vikawa vidogo kama punje za mchele. Mama ndiye aliyekuwa anakoroga, kwa mwiko mrefu wa misibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa huko huko, moshi huu si wa kuni."

"Basi na wewe toka."

"Nikitoka utagandamana. Ukigandamana umekuwa jiwe, huo."

Maisha yake yote mama alikuwa amekaanga karanga ndani ya mchanga wa moto na kuziuza njiani. Kazi hii aliiona ni ile ile, na hakutaka mtu mwingine aushike ule mwiko. Kila baada ya muda aligeuka pembeni, akakohoa, akarudi. Kitambaa chake kilikuwa kimelegea hadi kidevuni.

Mchanga ulipopoa, kaka aliuchota kiganjani, akamwagia maji ya kikombe. Maji yakajikunja, yakawa matone ya mviringo, yakateleza na kudondoka chini. Kiganja chake kilibaki kikavu. Mama alikuwa ameshaona mara nyingi, lakini alicheka kama anaona kwa mara ya kwanza. "Tazama!" alisema. "Yanaogopa!"

Kiangazi hicho walipanda nyanya. Waliacha kishimo kuzunguka kila shina ili maji machache waliyopandisha kwa ndoo yapate pa kuingilia, na sehemu nyingine yote wakaifunika kwa ule mchanga, unene wa kidole. Ukiufukua kidogo, udongo wa chini ulikuwa mweusi na baridi wakati shamba la jirani lilikuwa limepasuka. Watu wakaanza kusimama nje ya ua wetu wa miti ya manyara, kwanza kwa kucheka, kisha kwa kunyamaza. Aliyekuja sana alikuwa jirani yetu mmoja, mjane wa umri wa mama. Alikaa juu ya jiwe nje ya ua, akawatazama wakikoroga, siku nzima.

Nyanya zilipoanza kuwa nyekundu, kaka alinipigia tena. Safari hii hakuwa na furaha.

"Mama hawezi kumaliza sentensi. Anaishia katikati, anatafuta pumzi."

Alimleta Mwanza. Nilikuwa nimepanga chumba Ilemela, juu kabisa, kule ambako nyumba zinajibana katikati ya mawe na hakuna gari linalofika. Mama alishindwa kupanda. Waendesha bodaboda wa kijiweni walimkalisha kwenye kiti, wakambeba wakipokezana, na yeye aliwaomba radhi njia nzima kwa kuwasumbua. Asubuhi wakamshusha vile vile, tukampeleka hospitali, akalazwa na kuwekewa oksijeni.

Daktari alituuliza kama anapikia kuni. Nikasema ndiyo, tangu utoto.

"Na alikuwa anakoroga plastiki ya moto," kaka akasema. "Mimi ndiye niliyemletea."

Daktari aliacha kuandika, akamwangalia. "Mapafu haya yamechoka muda mrefu," alisema. "Siwezi kukwambia ni kitu kimoja kilichoyachosha."

Kaka alibaki amesimama, kama mtu aliyeitwa mahakamani halafu hakimu akaondoka bila kusoma hukumu. Nadhani angeshukuru hata kama angelaumiwa.

Alienda nyumbani akarudi na ndoo ya nyanya. Mama hakuweza kula. Alishika moja, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anavyofanya mnunuzi sokoni, akaridhika. Akatuonyesha kwa mkono tuwagawie wagonjwa wenzake. Kisha akavuta ile barakoa ya oksijeni pembeni, mimi nikimkataza, akamwambia kaka kwa vipande vipande, "Ule mchanga... usiuache."

Alifariki siku ya pili yake, saa za mchana, wakati wa kutazama wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu na vyombo vya chakula.

Tulimzika nyumbani. Watu walikuwa wengi kuliko chakula, na wanawake waliokuwa jikoni walifanya jambo la kawaida kabisa: waliingia shambani wakachuma. Waombolezaji walilishwa nyanya za mama, zikiwa nono, nyekundu, katika mwaka ambao hakuna mwingine mlimani aliyevuna kitu. Wengi walizisifia. Kaka alishika sahani yake mpaka chakula kikapoa, akampa mbwa.

Matanga yalipokwisha, yule mjane alikuja. Alikaa na sisi, akatoa pole upya, kisha akasema alilolijia.

"Mwalimu, nifundishe."

"Hapana, mama."

"Mimi nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nyanya. Na kaburi umeliona."

"Nimeliona," alijibu. "Aliyelala pale alikuwa rafiki yangu. Na chungu changu nakiona kila siku, hakina kitu."

Kaka alisema hatafundisha mtu, ila mchanga ulio shambani majirani wanaweza kuuchukua, yeye hauhitaji tena. Kesho yake, kabla ya jua kupanda sana, majirani walikuwa wamejaa shambani wakiwa na mabeseni na majembe, wanakwangua. Hawakuwa na ubaya. Walitoa shikamoo kaburini na kupita kwa adabu. Lakini huwezi kukwangua unene wa kidole bila kuchukua na udongo. Walipoondoka, mizizi ya nyanya zilizobaki ilikuwa nje, na shamba lilikuwa na rangi ya mfupa.

Mchanga ule haukuwasaidia. Ukishachanganyika na udongo hauna maana. Basi wakafanya walichokuwa wamekitazama miezi yote ile juu ya ua. Yule mjane alikuwa wa kwanza kutafuta pipa. Baada yake wakafuata wengine, na sasa ukitazama mlimani asubuhi unaona moshi mweusi unapanda katika nyumba hii na ile. Wanavuna. Siwezi kusema uongo, wanavuna.

Kaka bado anafundisha kwa kujitolea. Kila akitoka shuleni anapita nyumba kwa nyumba, anawaomba wasimame upande upepo unakotoka, wafunge vitambaa vilivyolowa maji, wasiwaruhusu watoto kusogea. Wanamsikiliza kwa heshima. "Ndiyo, mwalimu," wanasema, na siku hiyo wanahamisha mafiga. Kesho yake upepo unageuka, na kazi imeshaanza, na mchanga ukiachwa utagandamana.