Siku Tisa za Maziwa ya Ano Prinari

Saa moja kasoro asubuhi jua limeshagusa mlima wa pili, lakini ndani ya nyumba hii ya mawe bado kuna baridi ya kutaka sweta. Rodanthi Kalogridaki anapiga magoti mbele ya mtungi wa udongo, anafunua kitambaa cheupe, anaingiza fimbo ya mtini na kukoroga taratibu mara tatu. Kisha anaitoa na kutazama matone yanavyoanguka.

Haonji. Anainama, anasogeza sikio karibu na mdomo wa mtungi, na kukaa hivyo kitambo.

"Bado," anasema akifunika. "Au labda tayari. Tatizo langu ndilo hilo, sijui."

Ndani ya mtungi mna lita kumi na nne za maziwa ya mbuzi, na leo ni siku yake ya saba. Yakichachuka ipasavyo yatachemshwa na kumwagiwa chenga za ngano. Uji huo mzito utamegwa vipande vipande na kuanikwa juu ya paa mpaka vikauke kama mawe. Ndiyo ksinohondro. Wakati wa baridi kipande kimoja kikitiwa kwenye supu, nyumba nzima hunukia.

Rodanthi ana miaka hamsini na tisa. Si mfugaji, na kazi yake si kupika. Kuanzia Oktoba hadi Juni hupanga matango kwenye maboksi katika ghala moja la tambarare ya kusini, kule ambako vitalu vya plastiki vimefunika ardhi hadi ukitazama kutoka huku juu unadhani ni ziwa. Husimama saa nane kwa siku na hulipwa yuro thelathini na nane. Julai na Agosti hakuna matango, wala malipo.

"Wenzangu wa ghalani wako ufukweni," anasema. "Mimi nimekuja kuyapigia maziwa magoti."

Sababu iko kilomita thelathini na moja chini, kwenye chumba chenye feni. Mama yake, Pelagia, ana miaka themanini na nane na uzito wa kilo thelathini na tisa. Tangu Pasaka anadonoa chakula tu. Daktari alimpima kila kinachopimika, hakuona ugonjwa, akasema apewe chochote anachokitamani.

Anachokitamani ni kimoja: ksinohondro ya nyumbani. Na akisema nyumbani hamaanishi nyumba ya bintiye, ambamo ameishi miaka kumi na minne tangu mumewe Lefteris afariki. Anamaanisha hapa, Ano Prinari, kijiji cha mlimani ambako sasa wamebaki watu sita.

Si kwamba Rodanthi hakujaribu. Kiangazi cha miaka mitatu mfululizo aliipika kule chini, jikoni kwake, kwa maziwa aliyoagiza kutoka huku mlimani. Mwaka wa kwanza mama yake alionja, akaweka kijiko mezani.

"Hii ni nzuri," alisema. "Lakini siijui."

Mwaka wa pili alisema maneno yaleyale. Mwaka wa tatu alisukuma tu bakuli, akaomba mkate.

"Miaka hiyo alikuwa anakula vitu vingine, kwa hiyo tulicheka," anasema Rodanthi. "Mwaka huu hatucheki."

Kosa lake, anavyoliona sasa, ni kosa la mtu aliyefunga vizuri. Kuanzia tarehe mosi hadi sikukuu ya Bikira, tarehe kumi na tano Agosti, nyumbani kwao hapaliwi nyama, yai wala maziwa. Mbuzi hawajui mfungo, wanaendelea kukamwa, na maziwa yasiyo na mnywaji ndiyo yanayoingia mtungini. Hivyo mpishi hufanya kazi yote, kutoka mtungi hadi paa, bila kulamba hata kidole.

Kule tambarare joto la Agosti liligandisha maziwa kwa siku mbili. Rodanthi aliyaona yamesimama, akayachemsha. Alikuja kuonja kwa mara ya kwanza baada ya sikukuu, na kufikia hapo mbuzi walikuwa wanakauka maziwa. Kila kosa lilimgharimu mwaka mzima.

"Ungeonja tone moja tu," mumewe Manthos alimwambia mwaka jana. "Bikira angegeuza macho pembeni."

"Bikira angegeuza," Rodanthi alimjibu. "Mama asingegeuza."

Aliyemfungua macho ni binamu yake, Polihronis, mfugaji wa miaka sitini na saba ambaye ndiye hasa kijiji kilichobaki. Alishuka Juni kutibiwa magoti, akapita kumsalimia shangazi yake, akasikia habari ya siku mbili.

"Siku mbili?" alisema. "Hayo hayajachachuka, hayo yameshtuka tu. Shangazi alikuwa anayaacha siku tisa, kwenye chumba cha chini, kule kwenye baridi."

Rodanthi hakujua. Alipokuwa msichana kazi ya mtungi haikuwa yake. Yake ilikuwa kufukuza nyigu paani. Tarehe mbili Agosti akafungua nyumba iliyofungwa miaka kumi na minne, akafagia chumba cha chini, akaomba maziwa.

Asubuhi hii Polihronis anaingia bila kubisha, ndoo mkononi, sigara masikioni, moja kila upande.

"Bado unaongea na mtungi?"

"Angalau wenyewe unanisikiliza."

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Yupi? Mama au maziwa?"

"Wote wawili wananihusu. Mmoja shangazi yangu, mwingine katoka kwa mbuzi wangu." Anaweka ndoo chini, anachuchumaa kwa kuugulia magoti. Yeye hafungi, na hajawahi kulificha jambo hilo. "Lete nionje, tumalize ubishi."

Rodanthi anasita, kisha anafunua. Polihronis anachovya kidole, anakilamba, anafumba macho kama jaji.

"Yana uchachu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama wewe ulipokuwa na miaka kumi na saba. Yakifika ulipofika sasa, yachemshe."

Anapigwa kwa kitambaa cha mtungi. "Ulimi wako uliuawa na sigara zamani," Rodanthi anamwambia. "Bora ningempa mbuzi aonje."

Lakini hacheki kwa muda mrefu. Maziwa ya mwaka ni haya. Mbuzi wameanza kukauka, na Polihronis, aliyekuwa na mbuzi mia mbili na sasa ana sitini, amesema atawauza baada ya mvua za kwanza kwa sababu magoti hayapandi tena. Akiyachemsha mapema, itakuwa kama miaka ile mitatu. Akiyachelewesha, yataoza. Rodanthi anatoa simu.

Manthos anapokea. Sauti yake inasikika chumba kizima.

"Leo amekula zeituni nne na kipande cha mkate. Nikampelekea mtindi, akaniita mpagani."

"Padri hakuja kumwambia wagonjwa wameruhusiwa?"

"Alikuja. Amemwambia, 'Padri, wewe kula wa kwako.'"

"Nipe nizungumze naye."

Kunasikika kiti kikivutwa, kisha pumzi ya mtu asiyeshika simu mara kwa mara.

"Mama, ni mimi. Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwako. Niko mbele ya mtungi. Siku ya saba."

Sauti ya Bi Pelagia inatoka, nyembamba lakini kavu. "Fimbo ukiitoa, inabeba au inadondosha?"

"Inabeba kidogo, Mama."

"Harufu?"

"Ya zabibu mbichi."

"Weka simu mdomoni mwa mtungi."

Rodanthi anamtazama Polihronis. Polihronis anavua kofia, bila kuambiwa na mtu. Simu inashikwa juu ya maziwa kwa mikono miwili. Nje kengele za mbuzi zinalia, na Polihronis anafoka kimyakimya kuelekea mlangoni kama vile mbuzi wanaweza kumwona.

Inapita dakika nzima kabla sauti haijatoka tena.

"Hayajaanza kusema. Yape siku mbili. Na usiyakoroge tena, mwanangu, unayasumbua. Tangu mdogo wewe ni mtu wa kusumbua vitu."

Simu inakatika. Rodanthi anakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa mawe. Anacheka, halafu anapangusa macho kwa ukingo wa aproni.

"Tangu Pasaka hajanena maneno mengi hivyo kwa mara moja," anasema. "Na yote ya kunigombeza."

Siku mbili zilizofuata hakugusa mtungi. Alisaga ngano kwa jiwe la mkono, kilo nne, Polihronis akizungusha na kulalamika kwa zamu. Alifua shuka za kuanikia. Alipanda paani kuhesabu vigae vilivyovunjika, akahesabu ishirini na sita. Kabatini alikuta koti la baba yake likiwa na risiti ya mbegu mfukoni, akalirudisha lilipokuwa.

Asubuhi ya tarehe kumi aliposogeza sikio, mtungi ulikuwa unasema. Anaieleza sauti ile kuwa kama mchanga laini unaomwagwa juu ya karatasi. Hakupiga simu kuuliza. Aliwasha moto uani, akachemsha maziwa kwa chumvi aliyoikadiria kwa kiganja, akamwaga chenga huku akisonga hadi mwiko uliposimama wenyewe katikati ya sufuria. Usiku ule uji ulilala. Kulipopambazuka aliumega vipande, akivibonyeza kwa dole gumba ili vikauke hadi ndani, akavitandaza paani. Kila adhuhuri kwa siku nne alivigeuza, kimoja baada ya kingine.

Jioni ya tarehe kumi na nne alishuka tambarare na kilo tano na nusu ndani ya foronya.

Siku ya Bikira, baada ya ibada, Rodanthi alipika jikoni kwake. Kitunguu, nyanya mbili zilizokunwa, boga changa la bustani ya jirani, mafuta ya zeituni bila ubahili, na viganja viwili vya ksinohondro. Manthos alitandika meza. Bi Pelagia aliletwa amevaa gauni lake la kanisani, ambalo sasa linamfunika kama la mtu mwingine.

Rodanthi hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mahali ambapo asingeweza kuuona uso.

Kijiko cha kwanza. Bi Pelagia alitafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Cha pili. Cha tatu. Kisha akaweka kijiko mezani, kama alivyofanya ule mwaka wa kwanza.

"Nilishaanza kutafuta pa kwenda kulia," Rodanthi anakumbuka.

"Imekaza," Bi Pelagia akasema. "Ongeza maji ya moto."

Manthos ndiye aliyekimbilia birika. Bi Pelagia alikoroga mwenyewe, akala mpaka chini, akapangusa bakuli kwa mkate. Alipomaliza aligeuka kumtafuta bintiye.

"Baba yako ameshakula?"

Lefteris alizikwa miaka kumi na minne iliyopita.

"Nimemwachia, Mama."

"Mwachie ya kutosha. Anashuka na njaa yule."

Rodanthi aliingia jikoni na kujaza bakuli jingine. Aliliacha juu ya jiko, limefunikwa kwa sahani, mpaka mama yake alipopata usingizi wa mchana.

Tangu siku ile Bi Pelagia anakula bakuli nusu kila adhuhuri, na mara chache bakuli zima. Kwenye mizani ya mwisho wa Agosti alikuwa na kilo thelathini na tisa na nusu. Daktari alisema nusu kilo si kitu kikubwa. Rodanthi anakubali kwamba huenda si kitu kikubwa. Amepima kilichobaki kwenye foronya: kwa kiganja kimoja kwa siku, kitafika Machi.

Kuhusu baada ya Machi, ana mipango. Amemwomba Polihronis asiuze mbuzi wote, amwachie wanne.

"Utawafuga wapi, bafuni?" Manthos aliuliza.

"Kwa Polihronis. Yeye atakamua, mimi nitaleta majani ya matango."

Polihronis amekubali, na hataki hata senti. "Ila yule mwenye pembe moja ni mwizi," ameonya. "Usije ukasema sikukwambia."

Rodanthi anakusudia kupanda mlimani Juni ijayo, siku moja baada ya boksi la mwisho la matango, na kukaa hadi Septemba. Fundi atabadilisha vigae Jumamosi mbili za Novemba, na chumba cha chini, chenye mtungi, kitawekwa kitanda cha mtu mmoja. Anataka mama yake alale humo wakati maziwa yanachachuka, asikilize bila simu.

Akiulizwa kama Bi Pelagia atafika Juni, anakunja foronya, anaifunga kwa uzi, anairudisha juu ya kabati.

"Simwombei apone. Kwa umri huu atapona nini?" anasema. "Naomba tu mwakani anikosoe tena."