Kipimo cha Baada ya Magharibi

Harufu ya lehemu inayoyeyuka ndiyo harufu ya utoto wangu. Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa soko la Kibuye, kati ya wauza mitumba na mama mmoja aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, lakini kazi ngumu alizileta nyumbani kwetu Kaloleni na kuzimaliza kwenye meza ya chumba cha mbele. Alipogusisha chuma cha moto kwenye waya, moshi mwembamba ulipanda ukachanganyika na upepo wa alasiri uliotoka ziwani, na mpaka leo nikipita mahali mtu anapolehemu, hata kama ni simu, nasimama kidogo nivute pumzi. Babu yake Baba alikuja Kisumu kutoka Pwani wakati wa reli, akabaki. Mama alikuwa Mluo wa Seme, aliyesilimu alipoolewa, na akawa mkali wa sala kuliko sisi tuliozaliwa katika Uislamu. Nyumba yetu ilisali kwa Kiarabu, ikagombana kwa Kiswahili na kubembelezana kwa Kidholuo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule Bwana Odhiambo alipotuletea redio yake na saa yake.

Bwana Odhiambo alifundisha fizikia katika chuo kimoja Nairobi na alikuwa akitafiti jinsi mawimbi ya redio yanavyosafiri mpaka kufika kwetu kando ya ziwa. Alitafuta nyumba tatu za kuaminika: kwa mwalimu mmoja Awasi, kwa mwenye duka Sondu, na kwetu, kwa sababu Baba alijua redio. Kila nyumba ilipata redio ya aina moja, yenye mita ya sindano inayotoka sifuri hadi kumi, na waya mrefu wa kunasia mawimbi. Wetu Baba aliufunga kutoka ukingo wa paa hadi kwenye mpera wa uani. Kazi ilikuwa kuitega redio kwenye kituo kimoja cha mbali kule Pwani kila jioni, kusoma sindano imesimama wapi, na kuandika. Mama alipouliza faida yake, Bwana Odhiambo alieleza kwa subira huku akishika kikombe cha chai.

"Mchana, Mama, jua linatengeneza tabaka huko juu angani. Hilo tabaka linameza haya mawimbi. Jua likizama, tabaka linaisha, mawimbi yanapanda juu zaidi, yanagonga tabaka lingine, yanarudi chini. Ndiyo maana jioni unasikia stesheni ya mbali kama iko hapa Kibuye."

"Kwa hivyo yanaenda mbinguni yanarudi?"

"Hapana, hayafiki mbali hivyo."

"Basi hayajaenda popote," Mama akasema, akamwongeza chai.

Kazi iliniangukia mimi kwa sababu ya sala. Saa ya kipimo ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, na wakati huo Baba na kaka zangu walikuwa msikitini. Mimi nilisali magharibi nyumbani, nyuma ya Mama, na tulipomaliza nilikuwa karibu na meza kuliko mtu mwingine yeyote. Bwana Odhiambo aliniachia saa ndogo ya mezani, akaniagiza niifunike kwa kitambaa isiingie vumbi, na rundo la karatasi zilizochapwa tayari. Kila mstari ulikuwa na tarehe, kisha ile saa, kisha nafasi tupu ya namba. Jioni ya kwanza, mwanzoni mwa Novemba, alikaa nami. Adhana ililia, tukasali mimi na Mama, nikakunja mkeka, nikaketi, na saa ikawa imefika dakika hamsini barabara. Sindano ilipanda, ikatetemeka, ikatulia kwenye saba. "Umeona?" akasema. "Si kazi ngumu. Inataka tu mtu wa kila siku." Kabla hajaondoka alinishika bega akaongeza jambo moja: "Siku usiposoma, andika 'sikusoma'. Usiache wazi, usibahatishe. Hata hiyo inanisaidia."

Maneno yale yalinikuta nimetayarishwa. Asubuhi za Jumamosi nilikuwa katika chuo cha Qurani kwa Maalim wetu, mzee mwembamba aliyefundisha akiwa amefumba macho, na msimu ule alikuwa akitueleza jinsi wanazuoni wa zamani walivyokusanya hadithi za Mtume. Hawakutazama maneno tu, alisema, walimtazama na mtu aliyeyaleta. Nani alimsikia nani, alikuwa mwaminifu, kumbukumbu yake ilikuwaje. Aliyejulikana kumsingizia Mtume neno moja, yote aliyoyapokea yaliwekwa kando. Sisi wasichana tulikaa nyuma, na nilipomsikia niliiona karatasi yangu. Mawimbi yalitoka Pwani, yakaja kwa redio, redio ikaniambia mimi, mimi nikamwambia Bwana Odhiambo. Nilikuwa mmoja katika mnyororo. Sikumwambia mtu, lakini nilitembea siku nyingi nikiwa nimenyoosha mgongo.

Novemba ikapita na mvua zake za alasiri, shule zikafungwa, Desemba ikaingia. Nikaanza kuona kwamba saa ya Bwana Odhiambo inakimbia. Tulipomaliza sala ilikuwa imepita dakika hamsini, kwanza kwa dakika chache, kisha kwa kumi. Nilimwambia Mama kwamba labda nisome kwanza ndipo nisali. Alikuwa anatandika mkeka, na hakuinua kichwa.

"Nyathina, mwanangu, redio itangoja. Magharibi haingoji."

Basi sikujiuliza tena nani anakosea kati ya ile saa na adhana. Watu wa hapa kwetu tunaamini jua halibadilishi mwendo. Linachomoza na kuzama saa zilezile mwaka mzima, na mgeni akituuliza ndivyo tunavyomwambia. Adhana inafuata jua, na jua ni la Mungu, na saa ilitengenezwa na watu. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki niligeuza kile kifunguo cha nyuma nikairudisha mishale dakika mbili tatu, mpaka ikakubaliana na sala. Laiti ningesikiliza taarifa ya habari ya saa moja kwa jirani ningejua. Lakini nilikuwa mtoto mtiifu, nilivaa vipokea sauti vya ile redio masikioni, na niliona nimeirekebisha mashine yenye kasoro. Namba zangu zilikuja nzuri: saba, sita, saba, nane, saba.

Kosa hilo nililifanya kwa moyo safi. La pili sikulifanya hivyo. Katikati ya Januari tulikwenda arusi ya binamu yangu Mumias, tukarudi usiku, nikiwa na hina mikononi na usingizi machoni. Asubuhi niliuona mstari wa jana uko tupu. Nilikumbuka lile neno nililoagizwa. Niliitazama ile nafasi tupu, nikaona jinsi neno refu litakavyoharibu safu yangu ya namba iliyonyooka, nikaandika saba. Hakuna aliyeniona. Wino ulikauka upesi.

Bwana Odhiambo alirudi katikati ya Februari kuchukua karatasi. Alikuwa ameshapita Sondu na Awasi, na alizitandaza zote tatu kwenye meza ya Baba, akazipitia mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa mlangoni nikingoja sifa.

"Zuhura, njoo," akaniita. "Hii namba ulitoa wapi?"

"Kwa sindano."

"Kila siku?"

Nikasema ndiyo. Akamgeukia Baba. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo lilinitisha zaidi. "Fundi, tazama hapa. Awasi wameanza na saba, nane, na mpaka Februari wameshuka mpaka tatu, mbili. Sondu hivyo hivyo. Wewe nyumba yako inasema saba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mawimbi ni hayohayo, ziwa ni hilohilo. Mimi siwezi kupeleka hii kwa wakubwa zangu. Wataniuliza kama huyu mtoto alikuwa anasoma ama alikuwa anaandika tu."

Sijawahi kumwona Baba akitazama chini mbele ya mtu isipokuwa siku ile. Alikuwa mtu ambaye wateja walimwachia redio zao bila risiti. Akaniuliza kama nimemwaibisha. Nikasema sikuandika tu, nilisoma, kila siku baada ya magharibi nilisoma. Mama, aliyekuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Huyu anasali nyuma yangu, akimaliza anaenda kwa hiyo redio yako. Mimi namwona na macho yangu. Hata siku ana homa."

"Baada ya magharibi," Bwana Odhiambo akarudia polepole. "Si saa kumi na mbili na hamsini?"

"Ni saa hiyohiyo," nikasema. "Ila saa yako inakimbia. Nilikuwa nairudisha."

Akainua mkono, akatazama saa yake ya mkononi, kisha akaifunua ile ya mezani. Yangu ilikuwa nyuma kwa karibu nusu saa. Akamuuliza Baba msikitini wanapataje nyakati za sala, na Baba, bila kuvaa hata viatu vizuri, akaenda akarudi na karatasi ya Maalim ya nyakati za sala za mwaka mzima, iliyobandikwa karibu na mlango wa msikiti. Waliisoma pamoja kwa kidole. Mwanzoni mwa Novemba, magharibi saa kumi na mbili na nusu. Februari ile tuliyokuwamo, saa moja kamili. Jua letu, tunaloapa kwamba halibadiliki, lilikuwa limechelewa kuzama dakika kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimelifuata.

Bwana Odhiambo akaanza kucheka, na alipocheka Baba akainua uso. Alieleza kwamba Awasi na Sondu walisoma kwa saa kama alivyowaagiza. Novemba walisoma baada ya jua kuzama, na Februari walisoma jua lingali juu, ndiyo maana namba zao zilishuka. Lakini alikuwa na shaka moja: labda kiangazi chenyewe, vumbi na ukavu wa nchi, vilikuwa na sehemu katika kushuka huko, na hakuwa na njia ya kuvitenganisha. Sasa alikuwa nayo. Nyumba moja ilikuwa imesoma wakati uleule wa jua siku zote, na namba hazikushuka. Lilikuwa ni jua peke yake. "Nilitaka kurudia miezi mitatu mingine kwa ajili ya hii," alisema, "na mko nayo hapa mezani." Mama akasema kwamba basi sala imemsaidia, na akarudi jikoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilikuwa nimesafishwa mbele ya wote. Mkono wa Baba ulikuwa kichwani pangu. Na ile saba ya siku ya arusi ilikuwa pale kwenye karatasi, katikati ya ndugu zake wa kweli, imevaa kama wao. Nilijua kwamba nikinyamaza itakwenda Nairobi na haitajulikana. Nilijua pia, kutoka kwa Maalim, kwamba nikisema huenda zote zikawekwa kando pamoja nayo, na uso wa Baba ukarudi chini. Bwana Odhiambo alikuwa anakunja karatasi. Nikaweka kidole juu ya ule mstari.

"Hii sikusoma. Tulikuwa Mumias. Niliandika tu."

Alizifunua tena karatasi za Awasi na Sondu, akatafuta tarehe ile. Zote mbili ziliandikwa neno moja: kimya. Jioni ile kituo cha Pwani hakikuwa hewani kabisa. Alinitazama, akatoa kalamu nyekundu, akaikata saba yangu kwa mstari mmoja, akanipa kalamu niandike kando yake. Niliandika sikusoma.

"Ningeikuta nikiwa Nairobi," akasema, "nikiwa peke yangu. Na ningezitupa zote. Sasa nakata moja."

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Maalim, kwa sababu hofu ilikuwa haijaniisha. Alifumbua macho, jambo alilolifanya mara chache. Akasema kumsingizia Mtume ni jambo zito la peke yake, lakini aliyeteleza katika maneno ya watu, akatubu na kusema mwenyewe, wanazuoni walimpokea tena. Kisha akaniamuru nirudie somo langu tangu mwanzo, kwa sauti.

Siku hizi simu yangu huadhini yenyewe, kwa dakika kamili, na wajukuu zangu husikiliza kituo chochote cha dunia bila kujua jua liko wapi. Sauti haififii, haipandi, haingoji giza. Sioni uchungu. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa urahisi huu, hasa kwa kuwa magoti yangu hayakunjiki tena upesi kwenye mkeka. Nimefundisha wasichana Qurani hapa Kaloleni kwa miaka mingi, na kila mmoja nimempa daftari la kuandika alichosoma nyumbani kila siku. Wapya hunijazia safu nzuri, zilizonyooka, na mimi huzitazama kwa muda kabla ya kuwaambia ninachokijua. Mwaka huu niliugua, nikalazwa wiki mbili. Daftari langu mwenyewe liko kwenye meza ileile ya Baba, yenye madoa ya kuungua, na mjukuu wangu alipolifungua juzi aliniuliza kwa nini nimeandika neno moja mara kumi na nne, mstari chini ya mstari, wakati ningeweza kuacha ukurasa wazi. Nikamwambia avute kiti.