Baba Katikati ya Vitambaa

Mama yangu haamini mwizi wala kompyuta, ila vitambaa anaviamini. Nyumba yetu ya mtaa wa Tena imevaa kutushinda sisi: makochi, redio, meza, hata mtungi wa gesi una sketi yake ya uzi mweupe aliyoifuma mwenyewe. Kwa hiyo niliponunua diski ya nje, ile ndogo ya kubebeka mkononi, na kumweleza kwamba nimenakili humo sauti zote za Baba, alinipokonya kabla sijamaliza. Akaizungushia waya wake, akaitumbukiza katikati ya rundo la vitambaa vipya kabatini.

"Mwizi akiingia hapa atabeba tivii," akasema. "Nani ataiba vitambaa?"

Sauti zenyewe nilizirekodi kwa simu katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, Baba akimenya viazi jikoni huku akinisimulia kazi yake ya reli. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajafika penye kichekesho, hivyo ulijikuta ukicheka naye bila kujua mnacheka nini. Simu yenyewe nilishaifua pamoja na aproni, lakini sauti nilikuwa nimekwisha kuziweka kwenye kompyuta. Tangu tumzike, Mama hakuwa amekubali kuzisikiliza. Kila nilipomwomba alisema, "Bado," kisha akachukua sindano yake ya kufuma. Iliniuma, lakini sikumsukuma.

Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa hasira, na kompyuta ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Niliibeba hadi kwa fundi. Aliifungua, akaichungulia, akatikisa kichwa.

"Hii imeenda kabisa. Ulikuwa umeweka vitu zako mahali ingine?"

Nilimjibu kwa maringo kwamba sisi ni watu wa kujipanga. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi, nikafungua kabati. Rundo la vitambaa halikuwepo.

Mama alikuwa akichagua mchele. Nilipomuuliza, mikono yake ilisimama juu ya sinia.

"Si nilipelekea yule msichana wa kule Huruma," akasema. "Yule amejifungua."

Kina mama wa kanisa letu hawaendi kumwona mzazi mikono mitupu. Mmoja hubeba unga wa uji, mwingine sukari, na Mama hubeba vitambaa. Siku hiyo walikuwa wakimharakisha mlangoni, akalizoa rundo lote bila kulifunua. Sasa alijishika kichwa.

"Woi! Nimepatiana baba yako!"

Nilicheka, kisha nikaogopa. Hakukuwa na nakala nyingine popote. Kama waliitupa ile diski, sauti ya Baba ilikuwa imekwisha duniani. Tulimpigia msichana, simu yake ikawa imezimwa, basi tukavaa viatu na kwenda alasiri hiyo hiyo.

Huko Huruma tulipanda ngazi huku nguo zilizoanikwa zikitudondokea maji kichwani, Mama mbele, akilaumu magoti yake kila hatua. Tulipofika kwenye korido ya juu, nilisikia mtu akikohoa nyuma ya mlango mmoja. Kisha akacheka, kile kicheko cha kutangulia. Mama alisimama akashika ukuta.

Msichana alifungua mlango, mtoto begani. "Karibuni, Mama! Ingieni!"

Kando ya tivii, juu ya kitambaa chetu cha maua, diski ilikuwa imechomekwa, taa yake ikipepesa.

"Tulidhani ni mahubiri mmetuletea," akasema. "Si mlitoka kanisa? Bwanangu akaiweka kwa tivii. Tumengoja huyo mzee asome Bibilia mpaka tumechoka. Yeye ni treni tu, treni tu. Lakini mtoto akimsikia ananyamaza."

"Ni mzee wangu," Mama akasema.

Msichana alijua kwamba Mama ni mjane. Uso ulimbadilika, akakimbilia kuizima.

"Wacha," Mama akamwambia. "Wacha amalize."

Akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba bado mkononi. Baba alikuwa akisimulia kuhusu mbuzi aliyetoroka behewani na mkuu wa stesheni aliyemkimbiza akiwa na koti lake la kazi, pale Makindu. Machozi yalimtiririka Mama wala hakuyafuta. Nilijuta kuja naye, nikawaza nimguse bega. Ghafla akainyooshea tivii kidole.

"Muongo huyu! Haikuwa Makindu! Ilikuwa Voi, na mbuzi alikuwa wake mwenyewe!"

Tulicheka mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia, na Baba, kwa upande wake, alikuwa bado anacheka.

Tulirudi na diski yetu, lakini msichana alipotusindikiza hadi kwenye ngazi aliuliza kwa aibu, sasa mtoto atanyamazishwa na nani. Jumamosi iliyofuata nikawapelekea flashi ambayo fundi alininakilia hadithi zote. Mama alikuja pia na vitambaa vingine, na kabla ya kuvitoa alikung'uta kimoja kimoja mlangoni, watu wote wakimtazama.

Kisha akampokea mtoto, akamtazama sana.

"Huyu akikua," akamwambia msichana, "mwambie ilikuwa Voi."