Gramafoni Yangu Chini ya Kitambaa

Leo nimekutana na gramafoni yangu iliyoungua.
Ni nzima kabisa.

Ndiyo iliyonifanya nipende kuketi nyumbani jioni, macho nimefumba, nikisikiliza muziki.

Mimi na familia yangu tulipofukuzwa shambani wakati wa ghasia, jirani yangu Daudi alinipigia simu akilia. "Mzee, nyumba imeungua na kila kitu."
Mimi ndiye niliyemfariji!

Leo jumuiya yetu ya kanisa imesali kwake, mtaani Kapsoya anakoishi sasa, mara ya kwanza. Nikasogeza kitambaa cha kufuma ili chai yangu isikichafue. Chini yake nikaona kitufe cha sauti nilichochonga mwenyewe kwa mbao.

"Daudi, hii si yangu?"

Aliangalia kikombe chake.
"Mzee, nilidhani hamtarudi."

Wengine walikuwa wameinamisha vichwa, wakiningoja. Sala ya kufunga ilikuwa zamu yangu.

Ninyi mngeomba nini?