Kitovu Changu, Mikono ya Mama

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, tulivuna mpunga shambani kwetu Mofu na sote tuliwashwa. Halikuwa jambo la kushangaza. Ukipura mpunga, vumbi lake linakuingia shingoni, kwapani, kiunoni, na utajikuna mpaka ukaoge. Mama alinikuna mgongo kwa gunzi la hindi huku akinitania kwamba cherehani imeniharibu ngozi, maana kazi yangu ilikuwa kushona nguo mjini na shambani nilikwenda wakati wa mavuno tu.

Tuliporudi nyumbani Lipangalala, wenzangu waliacha kujikuna. Mimi niliendelea. Viganja na nyayo ndivyo vilivyonitesa zaidi, na hapo tungepaswa kujiuliza, kwa sababu mpunga hauwashi nyayo. Jirani alisema nimekanyaga upupu. Mama akachemsha majani ya mwarobaini, akaniogesha mtu mzima na akili zangu. Sikuona aibu wala nafuu. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyolala, na asubuhi moja, nikiwa nachambua mchele uani, mama akanitazama usoni akasema, "Macho yako yamekuwa manjano." Tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akaniminya tumbo na kuuliza nimekuwa na bandama iliyovimba tangu lini. Nilimjibu tangu utoto. Bondeni kwetu malaria iliwapa matumbo ya bandama nusu ya watoto wa darasa, kwa hiyo hakuna aliyehangaika na la kwangu. Hata nilipotapika damu nikiwa shule ya msingi, wengine walisema vidonda vya tumbo, wengine wakasema nimelogwa. Damu ikakoma, nao wakaacha kubishana.

Baada ya kunipiga ultrasaundi alitueleza taratibu. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini ulikuwa umeziba zamani sana, pengine kabla sijajua kutambaa. Damu ikajitafutia njia kwenye vijishipa vidogo. Vijishipa hivyo viliongezeka na kuvimba mwaka hadi mwaka, vikauzunguka mfereji wa nyongo kama mizizi inavyozunguka bomba, na sasa vilikuwa vimeubana. Nyongo ilikosa pa kutokea ikarudi kwenye damu, na ndiyo iliyokuwa ikiniwasha.

"Si mpunga, mama," alisema, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kumweleza habari zote za mpunga.

Nilimwambia wanipasue basi, waiondoe hiyo mishipa. Akasema hapo hapapasuliwi, ukiigusa tu damu haizuiliki. Alitaja kunipeleka Dar es Salaam, lakini hata huko hakuwa na hakika kama wangeweza. Nilimsikiliza kama anayezungumzia mgonjwa wa kitanda cha jirani. Sikuogopa. Nadhani ule mwasho ulikuwa umenimaliza, haukubakiza hata pa kuwekea hofu.

Ndipo akamgeukia mama. "Alipokuwa mchanga, kitovu chake kiliwahi kuoza?"

Mama akajibu, "Kilitoa usaha."

"Mlipaka nini?"

"Masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo. Ndivyo tulivyofanya wote."

Daktari akasema uchafu ukiingia kitovuni huweza kuufikia mshipa ule ukaziba. "Huenda, mama. Kwa wagonjwa wengi hatujui chanzo kabisa." Alilirudia neno hilo, huenda, na aliniangalia mimi pia alipolisema. Lakini mama alikuwa anatazama sakafu.

Mtaani kwetu mama ndiye aliyeogesha watoto wachanga. Nyumba yoyote ikipata mzazi, aliitwa yeye, akaenda kila siku mpaka kitovu kidondoke. Aliwakanda, akawanyoosha viungo, akawagombeza wakilia kana kwamba wanamwelewa. Alijivunia kazi hiyo, na ilikuwa haki yake. Tangu siku ile ya hospitali, wakija kumwita alisema mgongo unamuuma. Mgongo wenyewe ulikuwa unabeba ndoo ya maji kutoka bombani kama kawaida. Niliyaona yote hayo. Nilikunywa vidonge alivyonipa daktari, manjano yakapungua, yakarudi, yakapungua tena. Siku zilikwenda hivyo.

Kisha mdogo wangu wa kike akajifungua, akaja kwetu na mjukuu wa kwanza wa mama. Maji ya uvuguvugu yalikuwa tayari kwenye beseni. Mama alisimama mlangoni, mikono ameifunika kwa kanga.

"Mama, mtoto huyu hapa," mdogo wangu alisema.

"Mwiteni mwingine."

Mdogo wangu akanitazama. Hakuwa anajua yaliyosemwa hospitali. Mimi nikapandwa na hasira, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuhisi chochote.

"Mama, yule daktari alisema huenda."

"Nilimsikia."

"Na mimi si nipo hapa? Si ninakula, si ninatembea?"

"Upo," alisema. "Na unajikuna."

Nikatazama chini. Kweli, kucha zangu zilikuwa kwenye kiganja, na sikuwa na habari.

Nilinawa mikono kwa sabuni, nikakaa kwenye kigoda, nikampokea mtoto. Nilikuwa sijawahi kuogesha kichanga. Mama akaanza kunielekeza kutoka pale mlangoni, kwa sauti ya chini: shika shingo, mlaze hivyo, maji yasimwingie sikioni, kitovu usikipake kitu, kiache kikauke chenyewe. Mtoto akalia. Chini ya kanga niliona mikono ya mama ikienda, ikishika shingo nilipoishika, ikigeuza nilipogeuza. Hakuvuka kizingiti.