Kitalu cha Spesioza Hakikusubiri Barua

Nakumbuka Jumapili moja pale kijijini Mamba, mwanangu, nimesimama nje ya kanisa na karatasi mkononi, nawasomea watu majina ya waliopewa majaruba, vile vishamba vya kingo za kuzuia maji, kwenye skimu yetu ya mpunga. Nilikuwa katibu wa kikundi, binti mwenye mwandiko mzuri na ulimi mrefu. Nilisoma majina yote isipokuwa moja. Jina la Spesioza nilikuwa nimelikata mwenyewe kwa kalamu.

Nakusimulia kwa sababu juzi niliwasikia nyie vijana hapo Mpanda, kwa shangazi yako, mnabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema utu wa Wazungu umetoka kwa Yesu, mwingine anasema hapana, wamejitungia wenyewe uhuru na haki zao bila kanisa. Roho iliniuma. Mabishano hayo nayajua, na siyaamini.

Spesioza wazazi wake walitoka Burundi. Aliwahi kuishi na mwanaume mwenye mke wa ndoa, kwa hiyo Komunyo hakupokea. Mwanaume akafa, akamwachia watoto wanne. Mimi nikasema jaruba ni la mtu aliye sawa mbele ya kanisa. Hakuna padri aliyenituma kusema hivyo. Na niseme yote leo, maana nimezeeka: jaruba lile nilimtakia binamu yangu.

Aliyenipinga alikuwa Ingrid, Mzungu aliyetufundisha kupandikiza mpunga kwa mistari. Alisema kila anayelima ana haki sawa na mwenzake. Nikamuuliza nani kamwambia, maana kanisani haingii. Akanijibu kwao watu wamekubaliana hivyo, hawahitaji Mungu awasimamie. Nikamcheka, kwa kuwa alishatuambia babu yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Nikamwambia mmechukua mafundisho ya Yesu, mkafuta jina lake, sasa mnajidai ni yenu. Alikasirika kweli. Alisema haki hizo zilipatikana kwa kugombana na makanisa, na kama zingewasubiri watu wa aina yangu, wanawake wa kwao wangekuwa bado wanaomba ruhusa.

Tukakazana. Mimi nikamwandikia padri wetu, aliyekuwa amekwenda masomoni Sumbawanga. Ingrid naye akawaandikia wakubwa wake Ulaya. Kila mmoja alitaka karatasi ya kumfunga mwenzake mdomo. Mpaka leo sijui kama Ingrid alimpigania Spesioza au alipigana na mimi tu, maana ufunguo wa lango la maji alikuwa nao yeye, na siku ileile angeweza kumfungulia Spesioza maji. Yangu nayajua, ya kwake namwachia.

Wakati huo Spesioza alikuwa ameshamwaga mbegu kitaluni, kwa vile mwanzoni tulimwahidi. Na mpunga ukikaa kitaluni kupita siku zake, hata ukiuhamishia kwenye jaruba hauzai vizuri. Akaja kwangu, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Dada katibu, miche yangu inazeeka."

Nikamwambia avumilie, tunasubiri barua. Akanijibu bila hasira.

"Nyie mnagombania Mungu ni wa nani. Mie nilikuwa naomba maji."

Barua zilifika zote ndani ya wiki moja, ya padri ikatangulia. Zote mbili zilisema Spesioza apewe jaruba lake. Nilikimbia kumpelekea habari, nikakuta mlango umefungwa kwa kamba na mbuzi wa jirani wanakula miche iliyokwisha kuwa ya njano. Jirani akaniambia amehamia Sibwesa na wanawe, kulima kibarua kwenye mashamba ya watu. Jaruba akapata binamu yangu. Wali wa jaruba lile niliula mwaka huo, na niliona aibu kila nilipoumeza.

Kwa hiyo mwanangu, mtu akikueleza kwamba wema wake umetoka kwa Mungu, mtilie shaka kidogo. Akikuambia umetoka kwenye haki za binadamu, usimwache huyo naye. Mimi bado nasali kila siku, na kama Wazungu walizitoa haki zao msalabani au vichwani mwao, siwezi kukuapia. Labda kote kuwili. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa na Mungu wangu, Ingrid alikuwa na haki zake, na mama wa watu akafukuzwa na ubishi wetu. Ukijisikia unashinda mabishano ya namna hiyo, hapo ndipo ujishuku hasa. Geuka uangalie nani anasubiri umalize kusema. Mpe kwanza anachohitaji, maneno yatafuata.

Mungu akujalie, mwanangu, mikono myepesi kuliko mdomo. Akupe mvua kwa wakati na watoto watakaokuheshimu, na asikuache hata siku moja ufurahie kuwa sahihi wakati mwenzio anakosa msimu.